Sikukuu na Mila za Meksiko kwa Mgeni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hurudiwa na wasomaji wa Afrika Mashariki na walioko ughaibuni wanaopanga kwenda Meksiko, au wanaoishi Marekani na kuona majirani zao wakiandaa meza za maua kila Novemba. Yamepangwa kuanzia mambo ya msingi, na yale ya nadra yako mwishoni. Jambo likishaelezwa mahali pamoja, kwingine utaelekezwa namba ya swali tu.

## Mambo ya msingi

1. Sikukuu za kitaifa za Meksiko ni zipi?

Za kisheria ni chache: 1 Januari, Jumatatu ya kwanza ya Februari (Katiba ya 1917), Jumatatu ya tatu ya Machi (kuzaliwa kwa Rais Benito Juárez), 1 Mei, 16 Septemba, Jumatatu ya tatu ya Novemba (Mapinduzi ya 1910), na 25 Desemba. Kila baada ya miaka sita huongezwa siku ya kuapishwa rais mpya, ambayo sasa ni 1 Oktoba. Jumatatu hizo za mapumziko huitwa *puente*. Watu wa mijini hutoka kwa wingi, mabasi hujaa na vyumba vya ufukweni hupanda bei, kwa hiyo zitazame kwenye kalenda kabla ya kukata tiketi.

Ajabu ni kwamba sikukuu nyingi zinazomvuta mgeni hazimo kwenye orodha hiyo. Siku ya Wafu, Ijumaa Kuu na sikukuu ya Bikira wa Guadalupe si mapumziko ya kisheria kwa kila mfanyakazi, ingawa benki hufungwa na shughuli nyingi husimama. Sheria haikuwalazimisha watu kuzishika. Wamezishika wenyewe, na ndiyo maana zina uhai mwingi.

2. Nikiwa na uwezo wa safari moja tu, niende lini?

Mwisho wa Oktoba, kwa ajili ya Siku ya Wafu (swali la 5). Fika tarehe 28 hivi, uondoke baada ya tarehe 3 Novemba. Katika sehemu kubwa ya nchi mvua zinakuwa zimekatika, masoko yamefurika maua ya rangi ya chungwa, na unaona maandalizi pamoja na usiku wenyewe. Anayefika tarehe 2 jioni anakosa karibu kila kitu cha maana, kwa sababu kazi ya kuandaa ndiyo nusu ya sikukuu.

Chaguo langu la pili ni kati ya tarehe 12 na 24 Desemba (maswali ya 12 hadi 15). Kipindi hicho kinawafaa hasa wanaosafiri na watoto.

3. Mgeni anakaribishwa kweli, au anavamia shughuli za watu?

Jiulize kwanza shughuli ni ya nani. Gwaride, maonyesho ya uwanjani na ngoma za barabarani ni za wote; simama, piga makofi, nunua chakula. Makaburini ni kwa familia. Mgeni huingia, lakini kwa adabu ya mtu aliyefika msibani (swali la 8). Nyumbani huingii mpaka ualikwe, na ukialikwa usiende mikono mitupu. Mkate mtamu, matunda au shada la maua vinatosha.

Kuna pia mahali penye masharti yake. Mfano unaojulikana zaidi ni kanisa la San Juan Chamula, Chiapas, ambako Watzotzil huswali juu ya majani ya msonobari yaliyotandazwa sakafuni, katikati ya mamia ya mishumaa. Unalipa kiingilio na kuingia, lakini kupiga picha ndani ni marufuku kabisa, na wenyeji hawana mzaha na jambo hilo.

4. Cinco de Mayo ndiyo siku ya uhuru wa Meksiko?

Hapana. Tarehe 5 Mei 1862, jeshi la Meksiko chini ya Jenerali Ignacio Zaragoza liliwashinda Wafaransa karibu na mji wa Puebla. Siku hiyo hushangiliwa zaidi na Wamarekani wenye asili ya Meksiko kuliko Meksiko yenyewe. Puebla hufanya gwaride kubwa, na katika mtaa wa Peñón de los Baños, Jiji la Meksiko, wakazi huigiza vita hivyo kwa bunduki za baruti na mavazi ya zamani. Nje ya hapo ni siku ya kawaida. Uhuru ni Septemba (swali la 10).

## Siku ya Wafu

5. Siku ya Wafu ni nini, na ina uhusiano na Halloween?

Ni siku ambazo familia huamini, au angalau hutenda kana kwamba zinaamini, kuwa marehemu wao wanarudi kuwatembelea. Tarehe 1 Novemba hukumbukwa watoto waliofariki, tarehe 2 watu wazima. Kalenda ni ya Kanisa Katoliki, yaani Watakatifu Wote na Marehemu Wote, lakini mila ya kuwalisha na kuwapokea wafu ilikuwepo kabla Wahispania hawajafika. UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2008.

Halloween iko jirani nayo kwenye kalenda tu. Siku hizi watoto wa mijini huvaa mavazi ya kutisha na kuomba peremende, lakini Siku ya Wafu yenyewe haina nia ya kumtisha mtu. Anayengojewa ni bibi, kaka, au mtoto aliyekufa angali mchanga. Huwezi kumwogopa mtu uliyempikia chakula akipendacho.

6. Meza ya marehemu (*ofrenda*) huwekwa nini, na kila kitu kina kazi gani?

Ikaribie utaona kila kitu kina sababu. Chini kabisa, kuanzia mlangoni, kuna njia iliyotandazwa petali za *cempasúchil*, ua la asili ya Meksiko lenye rangi ya chungwa iliyokolea na harufu kali inayokupiga hata kabla hujaingia chumbani. Rangi na harufu hiyo humwongoza marehemu kutoka njiani hadi mezani. Pembeni kuna chetezo cha udongo chenye makaa, na juu ya makaa hufukizwa *copal*, utomvu mkavu wa mti unaofanana na sandarusi ya pwani yetu. Glasi ya maji huwekwa kwa sababu mgeni ametoka mbali na ana kiu. Chumvi ni ya kutakasa. Mshumaa mmoja huwashiwa kila marehemu, na familia nyingi huongeza mmoja kwa yule asiye na wa kumkumbuka.

Juu ni picha. Mbele ya picha huwekwa alichokuwa akikipenda mhusika: sahani ya *mole* (mchuzi mzito wa pilipili na viungo), sigara, chupa ya soda iliyofunguliwa, kofia yake ya shambani, gari la kuchezea kama ni mtoto. Kuna *pan de muerto*, mkate mtamu wa mviringo wenye vipande vya unga vilivyochorwa kama mifupa juu yake. Kuna mafuvu ya sukari yaliyoandikwa majina; mji wa Toluca hufanya soko maalumu la hayo kila mwaka. Na juu ya yote hutundikwa *papel picado*, karatasi laini zilizotobolewa nakshi kwa patasi, ufundi unaosifika zaidi katika mji mdogo wa San Salvador Huixcolotla, jimbo la Puebla.

Ukialikwa mbele ya meza kama hiyo, soma majina na utazame nyuso. Kisha uliza: huyu alikuwa nani? Watu hupenda sana kuulizwa swali hilo.

7. Niende wapi: Oaxaca, Pátzcuaro, au nibaki Jiji la Meksiko?

*Oaxaca* ndipo penye mengi kwa wakati mmoja: masoko, bendi za tarumbeta zinazozunguka mitaa hadi usiku wa manane, michoro ya mchanga wa rangi, na makaburi ya Xoxocotlán ambako watu hukesha tangu usiku wa 31 Oktoba. Wageni nao ni wengi mno. Kama unaweza, lala kijiji cha jirani na uingie mjini mchana.

*Ziwa Pátzcuaro*, Michoacán, ni kwa Wapurépecha. Usiku wa kuamkia tarehe 2, familia huketi kwenye makaburi hadi alfajiri zikiwa zimejifunika mablanketi, na mishumaa imezunguka kila kaburi. Kisiwa cha Janitzio ndicho maarufu na ndicho kinachofurika. Tzintzuntzan, mji uliokuwa makao makuu ya ufalme wao, una nafasi zaidi. Baridi ya huko ni ya kweli, basi beba sweta nzito.

*Jiji la Meksiko* lina gwaride kubwa la mafuvu na wanasesere warefu. Wengi hudhani ni la kale. Lilianza mwaka 2016, baada ya filamu moja ya James Bond kuonyesha gwaride kama hilo ambalo halikuwahi kuwepo. Ni la kufurahisha, hasa kwa watoto, lakini asiyeona kingine zaidi ya hilo hajaiona Siku ya Wafu. Anayekaa jijini asogee hadi Mixquic, upande wa kusini-mashariki, ambako jioni ya tarehe 2 makaburi yote ya kanisa huwashwa mishumaa.

Kwenye rasi ya Yucatán, sikukuu huitwa *Hanal Pixán*, na chakula chake ni *pib*, mkate mkubwa wa unga wa mahindi wenye nyama ndani, unaofungwa kwa majani ya mgomba na kuokwa shimoni. Katika mji wa Pomuch, Campeche, familia hutoa mifupa ya wapendwa wao kwenye sanduku, huipangusa kwa upole na kuibadilishia kitambaa kilichodariziwa. Uende ukiwa tayari kunyamaza na kutazama kwa mbali.

8. Nikiingia makaburini usiku, nifanye nini na nisifanye nini?

Salimia. *Buenas noches* kwa kila familia unayoipita ndiyo heshima ya kwanza. Nunua mshumaa na maua nje ya lango, kisha uviweke kwenye kaburi lisilo na mtu. Wenyeji hufurahi kuona hivyo. Usikanyage makaburi, usikae juu ya jiwe la mtu, wala usiwashe taa kali ya simu.

Picha omba kwanza, kwa maneno au hata kwa ishara, na ukikataliwa ondoka na asante. Pako wazi zaidi panapokuwa na bendi na vicheko. Anayelia peke yake aachwe. Ukikaribishwa kikombe cha chokoleti ya moto, pokea na uketi kidogo.

9. Yule mwanamke wa mifupa mwenye kofia ya manyoya ni nani?

Ni *La Catrina*. Mchoraji José Guadalupe Posada alimchora miaka ya 1910 hivi, kichwa na kofia tu, akiwacheka watu waliojitia Uzungu na kuona haya asili yao. Mwaka 1947 Diego Rivera alimpa mwili na gauni katika mchoro wake mkubwa wa ukutani, na huko ndiko umbo la leo lilikotoka. Mchoro huo unaonekana katika jumba lake karibu na bustani ya Alameda, katikati ya jiji. Mgeni kupakwa rangi za fuvu usoni hakumuudhi mtu. Wapakaji wako kila kona. Ila osha uso kabla ya kwenda makaburini.

## Septemba: mwezi wa uhuru

10. *El Grito* ni nini, na nitaionaje?

Alfajiri ya 16 Septemba 1810, Padri Miguel Hidalgo aligonga kengele ya kanisa lake katika mji wa Dolores na kuwaita watu wainuke dhidi ya utawala wa Uhispania. Kila mwaka, usiku wa tarehe 15 karibu saa tano, rais hutokea kwenye roshani ya Ikulu ya Taifa, hugonga kengele ileile, huwataja mashujaa, na umati wote uwanjani hujibu *¡Viva!* Mwaka 2025 ilikuwa mara ya kwanza kwa rais mwanamke, Claudia Sheinbaum, kuongoza mwito huo.

Uwanja wa Zócalo hujaa mapema na kuna ukaguzi wa usalama, basi fika jioni na usibebe mkoba mkubwa. Kwa ushauri wangu, mji wa kiasi ni mtamu zaidi: Dolores Hidalgo wenyewe, Querétaro, au kitongoji chochote ambacho meya hupiga mwito huohuo kutoka roshani yake na watu wote wanajuana. Asubuhi yake kuna gwaride la kijeshi jijini.

11. Ni chakula gani nisikikose msimu huo?

*Chiles en nogada* ya Puebla. Ni pilipili kubwa isiyo kali sana, imejazwa nyama ya kusaga iliyochanganywa na matunda, ikamwagiwa mchuzi mweupe wa jozi na kunyunyiziwa punje za komamanga na majani mabichi. Kijani, nyeupe, nyekundu: ni bendera ya taifa juu ya sahani. Hupikwa Agosti na Septemba, wakati jozi mbichi na komamanga zinapoiva. Ukiikuta Machi, jozi si mbichi. Agiza kitu kingine.

## Desemba hadi Februari

12. Tarehe 12 Desemba kuna nini?

Ni sikukuu ya Bikira wa Guadalupe, na kwa Wameksiko wengi ni kubwa kuliko Krismasi. Kwa imani yao, mwaka 1531 Maria alimtokea Juan Diego, mwenyeji wa asili, kwenye kilima cha Tepeyac, na picha yake ikabaki kwenye joho la mtu huyo. Joho hilo limetundikwa ndani ya Basilika mpya iliyofunguliwa 1976, na chini yake kuna njia zinazojiendesha ili mahujaji wapite bila kusongamana.

Mamilioni hufika siku hizo, wengine kwa baiskeli, wengine kwa miguu, na wengine humaliza mita za mwisho kwa magoti. Usiku wa manane huimbiwa *Las Mañanitas*, wimbo wa siku ya kuzaliwa. Uwanjani hucheza vikundi vya ngoma vyenye njuga miguuni na manyoya kichwani. Kama msongamano unakutisha, nenda tarehe 9 au 10; mahujaji wako njiani tayari na utapata nafasi ya kupumua.

13. Nimealikwa *posada*. Nitarajie nini?

Kuanzia 16 hadi 24 Desemba, usiku tisa, majirani huigiza safari ya Yosefu na Maria wakitafuta pa kulala. Mila hii inahusishwa na watawa wa Mtakatifu Agustino wa Acolman, waliopata kibali cha Papa cha misa hizo mwaka 1587. Kundi moja hubaki nje na mishumaa, jingine ndani mlango umefungwa. Walio nje huimba wakiomba kulala. Walio ndani huwakatalia kwa wimbo. Mabishano huendelea ubeti baada ya ubeti, hadi mwenye nyumba anatambua waliosimama nje ni akina nani, mlango unafunguliwa na wote huingia kwa shangwe. Utapewa karatasi yenye maneno, basi imba hata kama Kihispania chako ni cha kubahatisha.

Halafu ni kula. *Ponche* ya moto hupikwa kwa mapera, miwa, mdalasini, sukari guru na *tejocote*, tunda dogo la manjano la huko. Kuna *tamales*, unga wa mahindi uliofungwa kwa majani na kupikwa kwa mvuke (kwa wasiokula nguruwe, tazama swali la 22). Angalia pia kama mwaliko ni wa posada ya familia au ya ofisini. Ile ya ofisini mara nyingi ni karamu ya mwisho wa mwaka na muziki tu, bila wimbo wa mlangoni.

14. Kwa nini piñata ina pembe saba?

Piñata ni chombo kilichopambwa kinachotundikwa na kupigwa kwa fimbo, mpigaji akiwa amefungwa macho, mpaka kipasuke na kumwaga vilivyomo. Kwa mafundisho ya zamani ya Kanisa, pembe saba ni dhambi saba kuu, fimbo ni imani, kitambaa cha macho ni kuamini bila kuona, na vinavyomwagika ni neema. Kwa mtoto ni peremende, karanga, chenza na vipande vya muwa. Ya asili huwa na chungu cha udongo ndani, hivyo watoto wadogo wasisimame karibu. Anayeshika kamba huivuta juu kila mpigaji anapokaribia, na wengine huimba. Wimbo ukiisha, zamu yako imekwisha. Piñata ikipasuka usiwe na haya ya kuinama kuokota. Watu wazima nao huokota.

15. Tarehe 23 Desemba watu wa Oaxaca wanachonga figili?

Ndiyo, na ni mashindano rasmi tangu 1897. Wakulima huchonga figili kubwa zilizolimwa kwa ajili hiyo na kuunda mandhari nzima: kuzaliwa kwa Yesu, harusi ya kijijini, wachezaji wa ngoma. Hunyauka baada ya saa chache, kwa hiyo foleni huanza mchana.

16. Nimekuta mtoto wa plastiki ndani ya mkate wangu. Nimefanya kosa?

Hapana, umepata jukumu. Tarehe 6 Januari, sikukuu ya Mamajusi, hukatwa *rosca*, mkate wa mviringo wenye matunda makavu juu. Aliyekutana na mtoto huyo ndiye atakayeleta tamales tarehe 2 Februari, sikukuu ya Candelaria. Kama utakuwa umeshaondoka, mwachie mwenyeji pesa ya tamales, naye atacheka na kukukumbuka. Kama bado uko nchini tarehe hiyo, mji wa Tlacotalpan, Veracruz, husherehekea Candelaria kwa maandamano ya mashua mtoni na ngoma za *fandango* juu ya majukwaa ya mbao usiku kucha.

## Ngoma, muziki na Juma Kuu

17. Guelaguetza hufanyika lini na tiketi hupatikanaje?

Tamasha hili la ngoma kwa kawaida hufanyika Jumatatu mbili za mwisho za Julai, mjini Oaxaca, juu ya kilima cha Fortín. Tarehe 18 Julai, siku aliyofariki Benito Juárez, ikiangukia Jumatatu, ratiba husogezwa wiki moja mbele. Vikundi kutoka maeneo yote ya jimbo hucheza ngoma zao, kisha huwarushia watazamaji mazao ya kwao: mananasi, mikate, kofia za ukindu. Msingi wake ni desturi ya vijiji vya huko ya kusaidiana kwa zamu: leo nakuletea mahindi na kuku kwa harusi ya mwanao, kesho nami utanijia.

Viti vya mbele huuzwa na huisha haraka. Vya nyuma ni bure kwa anayewahi foleni. Usipopata vyote viwili usihuzunike: Jumamosi zinazotangulia, vikundi hivyohivyo hupita barabarani kwa bendi na fataki, na vijiji vya jirani hufanya Guelaguetza zao ambazo mimi nazipenda zaidi, kwa sababu mchezaji na mtazamaji wanatoka ukoo mmoja.

18. Wale wanaoruka wakining'inia kwa kamba ni wachezaji wa sarakasi?

Hiyo ni ibada ya kuomba rutuba, inayotunzwa zaidi na Watotonaki wa Papantla, Veracruz. Wanaume watano hupanda mlingoti mrefu. Mmoja hubaki kileleni, kwenye kijukwaa kisichotosha hata kukaa wawili, akipiga filimbi na kigoma kwa mikono yake miwili bila kushika kitu. Wanne hujiachia kinyumenyume, kichwa chini, na kamba hujikunjua polepole huku wakizunguka hadi ardhini. Kwa hesabu ya mila, kila mmoja huzunguka mara 13. Mara nne ni 52, idadi ya miaka katika duru ya kalenda ya kale. Utawaona kwenye magofu ya El Tajín, na pia mbele ya Jumba la Makumbusho ya Anthropolojia jijini. Sahani ya michango ikipita, toa.

19. Nitawaajiri vipi mariachi, wale wanabendi wa nyuzi na tarumbeta?

Nenda Plaza Garibaldi, Jiji la Meksiko, jioni. Bei hutajwa kwa wimbo mmoja au kwa saa. Kubaliana kabla nyuzi hazijaguswa. Anayetaka kuwasikia kwa kina aende Jalisco, nyumbani kwao, ambako Guadalajara hufanya tamasha la kimataifa la mariachi kati ya Agosti na Septemba.

20. Kuna Waafrika katika mila za Meksiko?

Wapo, na ni swali ambalo ningependa kila msomaji wetu aulize. Wahispania waliwapeleka Waafrika wengi Meksiko kama watumwa. Mmoja wao, Gaspar Yanga, alitoroka na kuongoza jamii huru milimani Veracruz. Jeshi la Wahispania liliwashambulia mwaka 1609 bila kuwamaliza, na hatimaye wakapewa haki ya kuwa na mji wao, ambao leo unaitwa Yanga. Vicente Guerrero, shujaa wa uhuru mwenye asili ya Kiafrika, alikuwa rais mwaka 1829, na tarehe 15 Septemba mwaka huo alitoa amri ya kufuta utumwa. Katiba iliwatambua rasmi Wameksiko wenye asili ya Kiafrika mwaka 2019. Katika sensa ya 2020, watu zaidi ya milioni 2.5 walijitambulisha hivyo.

Nenda Costa Chica, ufukwe wa Pasifiki kati ya majimbo ya Guerrero na Oaxaca. Siku ya Wafu huko ina *Danza de los Diablos*: wanaume waliovaa vinyago vyenye pembe na ndevu za singa hupita nyumba hadi nyumba wakikanyaga chini kwa kishindo. Ala zao ni kinanda cha mdomo, taya la punda ambalo meno yake hugongana na kutoa mlio, na ngoma ya kusuguliwa kwa kijiti inayonguruma kama mnyama. Mji wa Cuajinicuilapa una jumba dogo la makumbusho ya historia hiyo. Mgeni mweusi kutoka Afrika huko huulizwa maswali mengi kwa bashasha. Jipe muda wa kuyajibu.

21. Juma Kuu ni wakati mzuri wa kwenda?

Kwa ufukwe, hapana: taifa zima liko likizo. Kwa mila, ndiyo. Iztapalapa, mashariki mwa Jiji la Meksiko, wakazi huigiza mateso ya Yesu tangu 1843, kama nadhiri ya kushukuru baada ya kipindupindu cha 1833. Anayeigiza Yesu ni kijana wa mitaa hiyohiyo, na hujiandaa kwa miezi kubeba msalaba mzito hadi Cerro de la Estrella. Vaa kofia, beba maji. Taxco kuna maandamano ya usiku ya watubuji waliofunika nyuso, wengine wakibeba mizigo ya miiba mabegani. Si ya kupeleka watoto.

## Maswali ya pembeni

22. Mimi ni Mwislamu. Nitakula nini, na je, sikukuu hizi zitanigusa imani?

Chakula kwanza. Mafuta ya nguruwe hujificha mahali usipotarajia: ndani ya tamales nyingi, maharage ya kuponda, hata baadhi ya mikate. Uliza *¿Lleva manteca?* kila mara. *Al pastor*, *carnitas*, *cochinita* na mara nyingi *pozole* ni nguruwe waziwazi. Mbuzi wa *birria* na kondoo wa *barbacoa* si nguruwe, ila uchinjaji ni jambo la kuuliza. Samaki, mayai, mahindi ya kuchoma, parachichi na *quesadilla* za maua ya maboga hazikutupi. Kumbuka pia kwamba *ponche* huwa na toleo lenye pombe. Omba *sin piquete*.

Kuhusu imani, hakuna atakayekudai upige goti wala ufanye ishara ya msalaba. Kutazama, kusalimia na kumsikiliza mtu akimtaja mama yake marehemu hakuhitaji ukiri wowote. Chakula kilichowekwa mezani kwa ajili ya wafu, kama dhamiri yako haikiruhusu, kikatae kwa mkono kifuani na *muchas gracias*. Ushauri huohuo unawafaa Wakristo wa makanisa yasiyokubali mila hizi.

23. Ninahitaji viza?

Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda na nchi jirani, kwa kawaida ndiyo. Lakini aliye na viza halali ya Marekani, Kanada, Uingereza, Japani au nchi za Schengen, au ukaazi wa kudumu katika nchi hizo, huingia kitalii bila viza ya Meksiko. Taratibu hubadilika, hivyo thibitisha na ubalozi. Meksiko ina ubalozi Nairobi. Na ukipitia Marekani, hata kwa kubadilisha ndege tu, utahitaji viza ya kupitia, kama huna viza nyingine ya Marekani wala ukaazi wa huko.

24. Nataka kuona nyoka wa kivuli Chichén Itzá, magofu ya Wamaya huko Yucatán. Lazima iwe siku ya ikwinoksi (mchana na usiku vinapolingana)?

Si lazima. Karibu tarehe 20 au 21 Machi, na tena Septemba, jua la alasiri huchora pembetatu za mwanga ubavuni mwa ngazi za piramidi, zikaungana na kichwa cha nyoka cha jiwe chini. Mwanga huo huonekana pia siku chache kabla na baada, umati ukiwa umepungua. Wingu likipita, huoni kitu. Kupanda piramidi hairuhusiwi siku yoyote.

25. Tarehe zangu haziangukii sikukuu yoyote. Je, safari imeharibika?

La. Kila mji, kijiji na mtaa una mtakatifu wake, na kila mtakatifu ana siku yake. Uliza hotelini au sokoni: *¿Dónde hay fiesta esta semana?* Utaelekezwa mahali penye fataki mchana kweupe, bendi ya shule, wanawake wanaopika kwenye sufuria za kuingia mtu mzima, na pembeni bembea za watoto. Ijumaa usiku jijini kuna mieleka ya *lucha libre* Arena México, yenye vinyago, na kelele za bibi vizee zikishinda za vijana. Na Jumapili yoyote, viwanja vya katikati ya miji kama Veracruz na Mérida hujaa wazee wanaocheza *danzón* na muziki wa zamani, wanaume wamevaa kofia, wanawake wameshika vipepeo vya mkononi. Ukisimama pembeni muda wa kutosha, mmoja atakunyooshea mkono. Usikatae kwa kuwa hujui hatua; watakufundisha hapohapo.